Masikio ya Dola Themanini na Tano

Goma, Majengo, 4 Septemba 2025

Byiringiro,

Barua hii inaletwa na Ruffin kama zote, chini ya kiti cha taksi-basi yake. Ikinuka mafuta usinilaumu mimi.

Jana shangazi Athanasie aliketi na mama zangu wadogo kupanga vitu vya valizi, sanduku la bibi harusi ambalo ninyi mtalijaza. Siku ya mahari valizi itafunguliwa mbele ya watu wote, na shangazi atainua kitu kimoja kimoja juu ya kichwa chake kama muuza mitumba: viatu, vitenge, manukato, nguo za ndani pia, na wazee watajifanya wanatazama dari. Walipanga bila kuniuliza. Mwishoni mmoja alikumbuka kwamba niko chumbani, akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kitu kimoja tu, ekuteri nzuri za kutia masikioni na kusikilizia, na hayo mengine wayaache.

"Mutoto huyu ana wazimu," akasema shangazi. "Mimi nitainua kamba mbele ya wageni?"

Mtu anayepima ndoa kwa urefu wa kisigino utamweleza nini?

Wewe nitakueleza. Unajua ninakofanya kazi, lakini hujawahi kuniuliza kazi yenyewe ikoje. Watafiti wanakwenda vijijini kurekodi watu. Mimi nabaki ofisini, nasikiliza Kinyarwanda chao na Kiswahili chao, naandika kila neno kwa Kifaransa. Watu hao huzungumza kando ya jenereta, chini ya mabati wakati wa mvua, katikati ya mbuzi. Nisiposikia neno, kanuni inataka niandike ndani ya mabano: haisikiki. Ekuteri nilizonazo ni zile wachuuzi wanazozitundika kama pilipili kwenye rond-point, pale magari yanapozunguka. Upande wa kushoto umekufa, wa kulia unakoroma. Kurasa zangu zimejaa haisikiki. Kila ninapoliandika neno hilo, najiona kama mtu anayemfunga mwingine mdomo kwa mkono, kwa adabu, na kulipwa mshahara.

Ninazozitaka nimeziona sokoni Birere. Ni dola themanini na tano. Siombi mwongeze kitu. Toeni viatu, manukato na vitenge viwili, wekeni hizo. Ninachotaka kujua ni unafikiri nini wewe, si watu wa kwenu.

Na usinitumie sauti. Nilikwambia tangu mwanzo kwamba masikio yangu yamechoshwa na sauti za watu. Wewe nakupenda kwenye karatasi.

Umwiza


Kalengera, 9 Septemba 2025

Umwiza wetu mwenye masikio,

Barua yako nimeisoma juu ya gunia la maharage hapa depo, ghalani kwetu, na gunia lilicheka kabla yangu. Themanini na tano! Kwa pesa hizo mtu wa Kalengera ananunua mbuzi, na mbuzi huja na masikio yake mawili, yamekwisha fungwa kichwani, hayahitaji kuchomekwa.

Ekuteri ni nini? Kamba mbili na punje mbili. Punje tunazo, njoo uchague.

Umeuliza maoni, basi chukua maoni. Viatu usiviguse. Mwanamke akisimama siku yake na visigino vilivyolika upande mmoja, hakuna atakayekumbuka kwamba alikuwa anasikia vizuri. Watavikumbuka visigino mpaka binti zake waolewe. Manukato yanaweza kupungua, kwa sababu harufu haiinuliwi juu. Vitenge vibaki. Kuhusu ekuteri tunafikiri dola kumi. Kwa kumi unapata zenye kisanduku kizuri cha kung'aa, na kisanduku ndicho shangazi yako atakachoinua. Juu ya kumi hulipii kusikia tena, unalipia jina lililoandikwa pembeni ili wenzako wa ofisi walisome.

Hao watu wako wa rekodi, wakitaka kusikika, waseme kwa nguvu. Sisi hapa sokoni tunasikilizana vizuri sana.

Najua umekataza sauti. Lakini siku ya soko nilifika Rutshuru penye mtandao, nikakutumia moja fupi usije ukamngojea Ruffin bure. Isikilize, kisha uichane, kama sauti inachanika.

Wako,
Byiringiro


Goma, 13 Septemba 2025

Byiringiro,

Umenichekesha, na hilo ndilo nisilokusamehe. Bahili mwenye adabu angalau huchosha, hachekeshi.

Umejifunza wapi habari za visigino vilivyolika? Kaka zangu hawajui hata kwamba viatu vya mwanamke vina nyuma. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ulivyostahili. Kisha nimefika kwenye kisanduku cha kung'aa, nikakuweka pamoja na shangazi zangu. Kumbe na wewe ni wa kuinua vitu juu. Unataka watu waone kisanduku, na mimi nibaki nyuma ya kisanduku na punje zako mbili za maharage.

Sauti yako nimeipokea. Nimeiandika kama ninavyoandika zote, kwa ekuteri zangu za rond-point, ili uone unavyosikika:

BYIRINGIRO: Umwiza, habari ya siku. Hapa tuko salama. Barua nimeipata. Kuhusu ekuteri... (kimya kirefu, pumzi, haisikiki) ... dola kumi zinatosha. (haisikiki) Kumi. (haisikiki) Yaya anakusalimu.

Basi. Dada yako, huyo yaya, msalimie nawe. Kwenye karatasi wewe ni mtu, kwenye simu wewe ni tangazo la kifo redioni. Na kile kimya cha katikati nakijua vizuri. Ni kimya cha mnunuzi anayepiga hesabu moyoni kabla ya kumpunja mkulima. Ulikuwa unatafuta bei ya chini kabisa ambayo nisingeitupa usoni kwako. Ukapata kumi.

Sasa nikuambie jambo lisilo la kuchekesha. Wiki hii nilikuwa na rekodi ya mama mmoja wa huko kwenu upande wa Rutshuru. Anataja majina ya watoto wake. Matatu nimeyasikia. La nne linapita pamoja na mvua. Nimerudisha nyuma, nimerudisha tena, nimebonyeza ekuteri ndani mpaka sikio likauma. Bwana Donat, mkubwa wetu, akapita nyuma yangu akasema, "Andika haisikiki, binti, uendelee. Mama huyo hatakuja kuisoma." Ni kweli, hatakuja. Nikaandika haisikiki, nikaendelea, nikajidharau mpaka jioni.

Mtoto huyo wa nne, kwa bei yenu ya kumi, anaingia au anabaki nje kwenye mvua?

Nitazinunua mwenyewe kabla ya mahari. Valizi yenu ijazeni visigino.

Umwiza


Kalengera, 20 Septemba 2025

Umwiza,

Safari hii gunia halikucheka.

Nunua. Nani atakushika mkono? Lakini ujue unachokinunua. Binti anayejinunulia, wiki chache kabla ya mahari, kitu alichoambiwa kingoje, anatangaza kwamba mume wake hana mkono wa kumpa kitu. Shangazi yako Athanasie atalisema hilo kabla chai yake haijapoa, na atalisema Majengo nzima. Nyumba yetu itakuwa na mfuko mmoja. Mifuko miwili ni nyumba mbili zilizo chini ya bati moja.

Na huyo mama wa mvua umuache apumzike. Umesoma, hatukatai, na umesoma mpaka kila unachokitamani kimegeuka kuwa haki ya mtu mwingine. Hutaki kitu cha dola themanini na tano, hapana! Unamtetea mtoto wa watu! Ungesema tu, "Napenda vitu vizuri, navitaka," ningekuheshimu zaidi, na pengine ningeongeza mpaka kumi na tano.

Kimya unachokicheka ni pumzi. Watu hupumua, hata Kalengera.

Mahari ni Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, kama familia zilivyokubaliana. Papa Cyprien, mzee wa kwetu, atatusemea, kama alivyosema siku ya kujitambulisha. Wewe vaa vizuri, uje na masikio uliyozaliwa nayo. Hayo yalitutosha tulipokuja kukuomba.

Byiringiro


Goma, 28 Septemba 2025

Byiringiro,

Nimezinunua.

Mwenye magazini, lile duka la Birere, anaitwa Kasoki, mwanamke mnene asiyetabasamu. Hakuzisifu hata kwa neno moja. "Weka rekodi yako iliyo mbaya kuliko zote," akaniambia. "Usiposikia tofauti, rudi na pesa yako nyumbani." Nikamuweka mama wa mvua. Mvua ilibaki palepale juu ya mabati, lakini mama alisogea akasimama mbele yake. Mtoto wa nne anaitwa Nyirarukundo. Mama hakulitaja kwa huzuni. Alilitaja kama mtu anayemuita binti aje kula. Nikalipa bila kuomba punguzo, na Kasoki akanitazama kwa dharau, kama mnavyowatazama watu wa mjini wanaokuja kununua maharage kwenu.

Katika jambo moja ulisema kweli. Napenda vitu vizuri. Uliandika hivyo ili niumie, na niliumia, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniona mpaka hapo. Niliikunja barua ile nikailalia.

Kisha nikafungua sauti yako. Nilitaka kuisikia ile pumzi vizuri, nipate kuicheka tena. Ninakuandikia upya. Mlikonong'ona mlitumia Kinyarwanda, nimetafsiri mwenyewe:

BYIRINGIRO: Kuhusu ekuteri...

MWANAMKE (ananong'ona, mbali kidogo na simu): Sema kumi.

BYIRINGIRO (ananong'ona): Lakini mimi nataka azinunue. Siku ya kujitambulisha kwao alikuwa anajishika sikio muda wote.

MWANAMKE: Nani amekuuliza unataka nini? Sema kumi, mwambie zinatosha.

BYIRINGIRO: ... dola kumi zinatosha.

MWANAMKE: Rudia.

BYIRINGIRO: Kumi.

MWANAMKE: Msalimie, umalize.

BYIRINGIRO: Yaya anakusalimu.

Nimeisikiliza mara nyingi. Huyo "nani amekuuliza" ni yaya wako, na naijua sauti yake, ingawa sijawahi kuisikia. Ndiyo inayocheka kwenye barua zako. Nikazitoa barua za mwaka mzima nikazitandaza kitandani. Visigino. "Tunafikiri." Namna ya kupiga pasi kola, uliyonieleza mwezi wa pili, nami nikakusifu kwa shangazi kwamba nimepata mwanaume anayejua pasi.

Nilikuita bahili, na ubahili ningeuweza. Mtu bahili ningepigana naye ndani ya nyumba, sahani kwa sahani, mpaka mmoja achoke. Lakini mtu anayetaka themanini na tano akasema kumi, nitapigana naye wapi? Nikisukuma hakuna ukuta. Uliniona najishika sikio lililoumizwa na ekuteri mbovu. Katika chumba kilichojaa watu wanaonitazama, wewe peke yako uliona, na ukakichukua kitu hicho ukakizika kwa sababu dada yako alikukunjia uso. Sijawahi kumdharau mtu namna hii. Bwana Donat anaandika haisikiki kwa watu asiowajua. Wewe umejiandikia mwenyewe.

Niandikie. Wewe, kwa mkono wako, chumbani pasiwe na mtu. Mstari mmoja unatosha. Usipoandika, Jumamosi ile msije.

Umwiza


Kalengera, 3 Oktoba 2025

Wifi,

Ni mimi, Munezero, dada yake. Barua zote nimeandika mimi. Sasa unajua, na hukulipa themanini na tano bure.

Uliomba aandike peke yake. Nilitoka nikamuachia meza. Aliketi mbele ya karatasi hii tangu tulipotoka misa mpaka kuku wakaingia kulala. Niliporudi karatasi ilikuwa nyeupe, na yeye amekwenda kupakia gari. Nikachukua kalamu, kama siku zote.

Unataka kujua ilianzaje? Alikuona kwenye harusi ile ya Majengo, akarudi hapa hana neno mdomoni isipokuwa jina lako. Mdogo wangu anajua kutambua maharage yenye wadudu kwa kuyachota tu mkononi. Anajua kuendesha gari penye matope. Kusema hajui. Ningemuacha akuoe kwa kunyamaza? Ulikuwa umesoma, una ofisi, una mdomo. Nikasema, nitamsemea.

Na kwetu muoaji husemewa, wifi, usijifanye mgeni. Siku ya kujitambulisha Papa Cyprien alisema yote. Aliulizwa hata kama Byiringiro ana afya nzuri, akajibu yeye, na Byiringiro ameketi pale anatazama viatu vyake. Muzee, baba yako, alipiga makofi. Wewe mwenyewe ulicheka nyuma ya kanga. Basi nieleze, wewe uliyefika chuo kikuu, mimi ambaye papa yetu aliniachia depo kabla sijamaliza sekondari: mdomo wa kuazima ni desturi, na kalamu ya kuazima imekuwa wizi kwa nini?

Kumi nilisema kwa sababu ninajua maharage ya mwaka huu yalivyo, na yeye angekupa depo nzima kwa kuwa umejishika sikio.

Unamdharau kwa kunong'ona. Haya. Lakini nani alimkataza kutuma sauti mwaka mzima? Nani aliandika, "wewe nakupenda kwenye karatasi"? Karatasi ni mimi. Yeye ni ile sauti uliyoikataa kabla hujaisikia. Kabla yangu mimi, kuna mtu mwingine alikwisha kumfunga mdomo, kwa adabu, kama ulivyoandika mwenyewe.

Valizi imejaa. Viatu nimechagua mimi, vitakukaa. Jumamosi tunakuja, au hatuji. Amua.

Munezero


Goma, 6 Oktoba 2025

Wifi,

Neno hili naliandika kwa mara ya mwisho au kwa mara ya kwanza, sijui.

Umeuliza tofauti. Papa Cyprien alipokuwa akisema, nilikuwa namuona. Nilijua mdomo ule ni wake, na kwamba nyuma yake kuna mtu aliyenyamaza. Hakuna aliyedanganywa, ndiyo maana nilicheka. Wewe ulijificha ndani ya jina lake ukanitazama kutoka humo, ukanijua mpaka ndani, ukanifanya nimsifu mwanaume kwa pasi yako. Ukitaka kujua wizi ni nini, ni huo.

Kwa hilo la sauti umenipiga. Nilikataza mimi. Sibishani.

Na ni kweli, nilizipenda barua zako. Sijui mtu mwingine kati ya Goma na Rutshuru anayeandika hivyo, na ni aibu kubwa kwamba mwenye kalamu kama hiyo ameitumia mwaka mzima kupunguza bei ya masikio ya mwenzake. Andika vitu vyako. Weka jina lako chini. Mimi nitasoma, na nitavidharau nikitaka, lakini nitakuwa najua ninamdharau nani.

Jumamosi valizi isije. Nimemwambia shangazi Athanasie. Aliuliza viatu vilikuwa vya rangi gani, kisha akalia.

Ulipokunja karatasi yako hukuigeuza. Ulisema ilikuwa nyeupe. Nyuma, chini kabisa pembeni, kuna mstari wa kalamu ya risasi. Herufi zimelala, kila moja upande wake. Unasema hivi: "Umwiza, sasa unasikia muzuri?"

Hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyowahi kuandikiwa kutoka Kalengera. Hapa chini si kwako. Chana karatasi, umpe.

Umwiza


Byiringiro,

Nasikia muzuri. Namba yangu unayo.

Sema.

Umwiza